Pai ya Maembe na Kastadi

Kwa wengi wetu tulio pwani ya Afrika ya Mashariki kastadi ni kitu cha kopo: unga wa manjano unaokorogwa katika maziwa yanayochemka, ukamiminwa juu ya ndizi na maembe yaliyokatwa vipande, ukaachwa upoe katika bakuli la kioo, na baada ya kufuturu ukaletwa jamvini watoto wakaugombea. Dasturi hiyo haina ubaya wowote, na mimi ni mmoja wa walaji wake wa zamani. Lakini iko kastadi nyingine, kongwe kuliko kopo kwa karne nyingi, ambayo haitaki rangi wala manukato ya kiwandani, nayo hupikwa kwa mayai, maziwa na sukari ndani ya ganda la unga wa ngano lililopangwa matunda. Mwenye tanuri la umeme na mwenye jiko la mkaa wote wawili wanaiweza pai ya namna hiyo, na vitu vyake, ukiondoa siagi ambayo bei yake haina huruma, havipungui kupatikana katika duka la mtaani. Kinachotakiwa ni kuyaelewa mambo machache ambayo vitabu vya mapishi aghalabu huyaamrisha bila ya kuyatolea sababu, na sababu hizo ndizo zilizonisukuma kuandika.

Kwamba yai na maziwa vikitiwa moto wa upole hushikana ni maarifa ya kale mno. Katika kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachonasibishwa na Apicius imeelezwa namna ya kuyachemsha mapeasi, kuyaponda, kuyachanganya na mayai, asali, pilipili manga na bizari nyembamba, kisha kuyarudisha motoni mpaka yagandamane. Na ijapokuwa Warumi walizidisha humo mchuzi wa samaki waliochachushwa, kitu ambacho hakuna mpishi wa leo atakayethubutu kukitia katika chakula kitamu, asili ya mambo ilikuwa ndiyo hiyohiyo. Wazungu wa Zama za Kati wakaja wakaumimina mchanganyiko wa mayai na maziwa katika ganda la unga na kuuoka. Wareno wakafika mbali zaidi, maana inasimuliwa kwamba katika nyumba zao za watawa ute wa yai ulikuwa ukitumiwa kukazia nguo kabla ya kupigwa pasi, viini vikabaki kwa wingi, na kwa kuchelea israfu watawa wakavigeuza kuwa vitafunio vitamu. Nyumba hizo za dini zilipofungwa kwa amri ya serikali mwaka 1834, mapishi ya monasteri ya Jerónimos, iliyoko katika kitongoji cha Belém mjini Lisbon, yaliingia mikononi mwa wafanya biashara, na tangu mwaka 1837 vipai vidogo vya kastadi vinauzwa pale hata leo.

Katika mwaka huohuo wa 1837, huko Birmingham nchini Uingereza, muuza dawa mmoja jina lake Alfred Bird alikuwa na mke aliyependa kastadi lakini mayai yalimdhuru kila alipoyala, na mume huyo, badala ya kumwambia mkewe avumilie, alichukua wanga wa mahindi akautengeneza uwe unga unaoyafanya maziwa yawe mazito pasipo yai hata moja. Hii ndiyo asili ya kopo letu. Baada ya miaka michache, mwaka 1843, Bird huyohuyo akatengeneza na unga wa kuumua mikate kwa kuwa mkewe hakupatana na hamira pia, hata ikawa ugonjwa wa bibi mmoja umeyajaza makabati ya nusu ya dunia. Basi mtu anaposema kwamba kastadi ya kopo haina ladha ya yai huwa hakukosea, kwa kuwa yai halimo. Mna wanga, rangi na harufu ya vanila, na utamu na mafuta yote hutoka katika sukari na maziwa anayotia mpishi mwenyewe. Rai yangu ni kwamba kopo lafaa sana kwa bakuli la matunda mabichi, lakini pai inayokwenda motoni yastahili mayai.

Pai ina sehemu tatu, na kila sehemu ina tabia yake mbele ya moto. Kinyunya cha ganda hutaka baridi kinapokandwa, kisha hutaka moto mkali kinapookwa. Kastadi hutaka moto wa upole tangu mwanzo hata mwisho. Na tunda hutaka kupunguziwa maji yake kabla halijaonana na hivyo viwili. Pai nyingi zinazoharibika, ganda likawa bichi chini na kastadi ikawa imekatika juu, huharibika kwa sababu mpishi alizitia sehemu zote tatu katika tanuri kwa pamoja akazihukumu kwa moto mmoja.

Tuanze na tunda. Maembe hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu wakati wa kaskazi, miezi ile ya Disemba hata Februari, yaani katika kipindi kilekile ambacho joto la pwani hupita nyuzi 30 na siagi iliyoachwa mezani hulegea kabla ya mtu kumaliza kuchunga unga. Hata mtu angedhani kwamba msimu na mapishi vimeapizana visikutane. Hakuna dawa ya jambo hili ila kuamka mapema. Chagua maembe makubwa yenye nyama laini isiyo na nyuzi, kama vile boribo au dodo lililoiva vizuri lakini bado limekaza kidogo likibonyezwa kwa kidole gumba, na uyaache yale madogo yenye nyuzi, ambayo kwa kunyonya hayana mfano, lakini ndani ya pai huganda katika meno ya mlaji na kumfedhehesha mbele ya wageni. Mawili makubwa yanatosha. Yamenye, yakate vipande vyembamba visivyozidi unene wa nusu sentimita, upate kiasi cha gramu 350, uvinyunyizie kijiko kimoja cha sukari na maji ya nusu ya ndimu, na uviweke katika chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Maji yatakayochuruzika usiyamwage: sukari imeyavuta kutoka katika tunda, na lau yangebaki ndani yangetoka baadaye katika tanuri na kuilainisha kastadi mpaka ikawa uji. Yatie katika kisufuria, yachemshe mpaka yawe mazito, uyaweke kando kwa ajili ya kupaka juu ya pai mwishoni, ambapo hutoa mng'ao na ladha ya ndimu inayoukata utamu.

Ganda ndilo linalowatisha watu, na si kwa haki. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka kwa kuwa siagi ni nusu ya unga: kwa bati la duara la kuokea keki lenye upana wa sentimita 23 na kina cha sentimita 3, twaa gramu 200 za unga mweupe wa ngano, usiwe ule uliokwisha kutiwa hamira ya unga kiwandani, gramu 100 za siagi iliyotoka katika jokofu, vijiko 2 vya sukari, chumvi kidogo, kiini kimoja cha yai, na maji ya barafu vijiko 2 au 3. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana zikafanya nyuzi zenye kuvutika. Nyuzi hizo ndizo zinazomfaa mpishi wa chapati, naye huzitafuta kwa kukanda sana, lakini katika pai ni adui, kwa sababu huligeuza ganda kuwa gumu na kulifanya likunjamane na kushuka kutoka kingoni likipata moto. Mafuta huzipaka chembe za unga na kuzizuia zisinywe maji upesi, na hiyo ndiyo hoja ya kuisugua siagi katika unga kwanza, kabla ya tone la maji. Lakini siagi haiwezi kufanya kazi hiyo ikiwa imeyeyuka, maana robo tatu na zaidi yake ni mafuta na sehemu iliyobaki aghalabu ni maji, na ikiyeyuka maji hayo hutoka yakaukanda unga kabla ya wewe kutaka.

Kwa hiyo fanya kazi hii alfajiri, uzoeshe na unga wenyewe jokofu kwa nusu saa, na usugue kwa ncha za vidole, kamwe si kwa viganja, ambavyo vina joto zaidi. Chukua kidogo kidogo, inua juu ya bakuli, sugua kidole gumba juu ya vingine, achia kidondoke, chukua tena. Baada ya dakika tano au zaidi kidogo hutaona tena vipande vya siagi ila chembechembe zilizolingana, kavu kwa kutazama lakini zikibanwa kiganjani hushikana. Hapo tia kiini na maji, changanya kwa kisu badala ya mkono, na mara donge litakapokubali kukusanyika acha, hata kama sura yake haikupendezi. Livingirishe katika karatasi ya nailoni, liweke jokofuni kwa muda usiopungua nusu saa ili nyuzi chache zilizokwisha kufanyika zilegee na siagi irudie ugumu wake. Nyumba isiyo na jokofu si nyumba iliyoharamishiwa pai: bakuli la donge likiwekwa ndani ya beseni la maji ya mtungi, likafunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, hupata baridi ya kutosha. Wako wapishi wanaotumia samli mahali pa siagi, na ganda lao hutoka lenye kuvunjika vunjika na harufu nzuri sana, lakini kwa kuwa samli haina maji na karibu yote ni mafuta, wapunguze kipimo hadi gramu 80.

Donge likipoa lisukumwe juu ya kibao cha chapati kilichonyunyiziwa unga, kwa kulizungusha robo kila baada ya kusukuma, mpaka liwe pana kuliko bati kwa vidole viwili kila upande. Likipasuka ukingoni ulizibe kwa vidole bila ya kusononeka. Hakuna mlaji aliyewahi kukiona kiraka cha chini ya pai. Likalishe ndani ya bati, lisukume kwenye pembe bila ya kulivuta, kwa sababu kila kilichovutwa kitarudi nyuma motoni, kata ziada, toboa toboa chini kwa uma, na lirudishe baridini kwa robo saa nyingine. Kisha litandikwe karatasi, na juu ya karatasi zijazwe maharage makavu mpaka ukingoni, liokwe katika moto wa nyuzi 190 kwa dakika 15, maharage yaondolewe, na lirudishwe kwa dakika 8 au 10 mpaka sakafu yake iwe kavu na yenye rangi ya hudhurungi hafifu. Uzito wa maharage hulizuia ganda lisivimbe katikati wala lisiporomoke pembeni. Maharage hayo hayafai tena kupikwa mchuzi, lakini huwekwa katika mkebe yakatumika kwa pai nyingine miaka na miaka. Mwisho ulipake ganda ute wa yai lililotoa kile kiini, ulirudishe motoni kwa dakika mbili. Ute huo hukauka ukafanya utando, na kastadi ikimiminwa haipenyi upesi. Mtu anayeliruka jambo hili la kulioka ganda kwanza, kwa kuona kwamba ni kazi maradufu, atakula unga mbichi, na hapo asiilaumu kastadi.

Kastadi yenyewe ina vitu vichache: mililita 300 za maziwa, mayai 3 ya dukani au 4 ya kienyeji, ambayo ni madogo kwa kawaida, gramu 80 za sukari, kijiko kimoja na nusu cha wanga mweupe wa mahindi, ule uuzwao kwa jina la kornflawa, punje 4 za iliki zilizotwangwa, na chumvi ya ncha ya kisu. Mwanamke wa pwani aliyelelewa na mapishi ya nazi ana faida kubwa hapa, kwa kuwa amekwisha kujifunza tangu utotoni kwamba tui zito likiachwa lichemke bila ya kukorogwa hukatika, na mkono wake hauhitaji kukumbushwa. Yai hukatika kwa sababu nyingine. Protini zake, ambazo zikiwa mbichi zimejikunjakunja kila moja peke yake, hufunguka kwa joto na kushikana zikafanya wavu unaoyabeba maji ya maziwa ndani ya matundu yake. Ute peke yake huanza kuganda joto likifika kiasi cha nyuzi 60, lakini ukiwa umechanganywa na maziwa na sukari hungoja mpaka karibu na nyuzi 80. Joto likizidi hapo, likapita 85, wavu hujikaza mno, hukamuka, na maji hutoka. Ndipo unapoona vijibonge vya yai vikiogelea katika maji ya maziwa. Uwanja wa mpishi, basi, ni nyuzi chache mno, na kijiko hicho cha wanga kimetiwa kwa makusudi ya kuupanua, kwa kuwa punje zake huvimba katikati ya protini zikazizuia zisikumbatiane kupita kiasi. Wapo mafundi wa Ulaya wanaoona wanga kuwa ni udhaifu. Mimi naona kwamba mtu anayepikia mkaa, ambao hauna kidude cha kupimia joto, ana haki ya kujilinda.

Pasha moto maziwa pamoja na iliki mpaka vipovu vidogo vianze kutokea ukingoni mwa sufuria, uepue kabla hayajachemka. Wakati huo vunja mayai, kila moja kwanza katika kikombe chake ili moja lililooza lisiyaharibu mengine, uyapige na sukari, wanga na chumvi kwa uma mpaka ute usionekane tena ukivutika, lakini usiyapige hata yakatoa povu, kwa kuwa povu hilo litapanda juu ya pai na kuacha matundu. Sasa tuliza bakuli juu ya kitambaa kilicholoweshwa lisihame, mkono mmoja ukoroge na mwingine umimine maziwa kwa uchache sana, upawa wa kwanza kwa kudondosha, wa pili kwa kuchuruzisha, mpaka mayai yazoee joto na rangi yake ikafifia kutoka manjano ya kiini hadi rangi ya pembe. Hapo yaliyobaki waweza kuyamimina yote. Atakayeyamwaga maziwa kwa mara moja atapata mayai ya kuvuruga yenye sukari. Pitisha katika chujio, maana hata mwenye hadhari huacha kijiuzi cha ute au ganda la iliki, kisha panga vipande vya embe katika ganda, kila kimoja kikilalia kingine kwa kuzunguka kutoka nje kwenda ndani, na umimine kastadi juu yake mpaka ibaki nusu sentimita kufika ukingoni.

Mwenye tanuri la umeme au gesi aliwashe kwa nyuzi 160, aiweke pai katikati kwa dakika 35 hata 40, na mazungumzo yake na mimi yaishie hapo kwa muda. Mwenye jiko la mkaa ana kazi zaidi, ingawa ni kazi anayoijua, kwa kuwa ndiyo ileile ya kupalia mkate wa kumimina. Achukue sufuria kubwa na nzito, atandaze mchanga mkavu uliochungwa unene wa vidole viwili, aweke juu yake kigao cha bati au vijiwe vitatu vilivyolingana, afunike kwa sinia la bati lisilo na rangi, apalie makaa juu, na aache kila kitu kipate moto kwa dakika 20 kabla ya kuingiza chochote. Kipimo cha joto ni unga wenyewe: kijiko cha unga kikiwekwa juu ya kipande cha bati humo ndani, kikageuka rangi ya hudhurungi ya wastani kwa dakika 5, moto unalifaa ganda, kikigeuka cheusi, punguza makaa, na kikipata rangi hafifu tu, huo ndio moto wa kastadi. Nilipata kumtazama bibi mmoja wa Mji Mkongwe wa Mombasa akifanya jaribio hilo kwa kunusa, amegeuzia uso ukutani, na alipofunua sufuria unga ulikuwa katika rangi ileile aliyoitaja. Kwa ganda makaa yagawanywe sawa chini na juu. Likitoka na kujazwa kastadi, makaa ya chini yaondolewe zaidi ya nusu na majivu yamwagiwe juu ya yaliyobaki, na ya juu yabakie machache kingoni mwa sinia, si katikati, kwa sababu katikati ya pai ndipo chuma kinapokuwa karibu na kastadi pasipo ukingo wa kuikinga. Sinia lisifunuliwe kwa dakika 25 za kwanza, hata kama jirani amekuja kuuliza kinachonukia.

Kujua wakati wa kuiepua ndiyo elimu iliyobaki. Litikise bati kidogo: kastadi ya pembeni iwe imetulia na ya katikati, kwa upana wa kikombe cha kahawa, iwe bado inatetema. Wengi huogopa mtetemo huo wakairudisha pai motoni, ilhali joto lililomo ndani huendelea kuipika kwa dakika kadhaa baada ya kuepuliwa, na pai iliyongojewa mpaka ikakaza kabisa katikati huwa imekwisha kupita kiasi pembeni. Utaijua kesho yake kwa maji yaliyotuama chini na vitundu vilivyotapakaa katika kipande. Iache ipoe kwa saa moja na nusu kabla ya kisu kuigusa, kisha uipake ule mchuzi wa embe uliochemshwa. Kisu kiloweshwe maji ya moto na kufutwa kila baada ya kukata.

Maembe yakiisha msimu, pai haiishi. Ndizi za kisukari zilizoiva hazitaki kuchujwa maji, ila zipakwe ndimu zisigeuke rangi. Mapeasi na matunda mengine ya nchi za baridi yanayolimwa katika milima ya Usambara, hususan upande wa Lushoto, ni mazuri mno, na peasi gumu lichemshwe kidogo katika maji ya sukari kwanza. Nanasi na papai ndiyo yenye hila. Kila mpishi wa mishikaki anajua kwamba papai bichi likisagwa na kupakwa nyama huilainisha, na sababu yake ni kimeng'enya kilichomo katika utomvu wake, ambacho huzikata protini. Nanasi bichi nalo lina kimeng'enya chake cha namna hiyohiyo. Kitu kinacholainisha nyama ya ng'ombe hakiwezi kuusamehe wavu mwororo wa mayai na maziwa, na nanasi bichi likikaa katika kastadi huilegeza na kuitia uchungu. Moto huviua vimeng'enya hivyo, kwa hiyo vipande vya nanasi vichemshwe katika sukari kwa dakika 5 au 6, vichujwe, vipoe, ndipo vipangwe. Papai lililoiva sana limebakiwa na kidogo tu cha kimeng'enya hicho, lakini maji yake ni mengi na ladha yake hupotea motoni, silipendekezi. Pasheni isitiwe ndani kabisa, kwa kuwa ukali wake huyakatisha maziwa, bali imwagwe juu ya kipande wakati wa kula, na hapo haina mshindani.

Kuna atakayependa kuipika kastadi yote jikoni katika sufuria, ikawa nzito, akaimimina katika ganda lililookwa na kuipamba kwa matunda mabichi. Njia hiyo ni njema na humwepusha mpishi na tanuri kwa mara ya pili, lakini wanga wake uwe mwingi zaidi, kiasi cha vijiko 3 kwa kipimo kile kile cha maziwa, na, kinyume na yote niliyosema juu ya moto wa upole, iachwe ichemke waziwazi kwa dakika moja au mbili huku ikikorogwa pasipo kusimama. Wanga mwingi huo utalilinda yai. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachoula wanga, na kisipouawa kwa mchemko, kastadi iliyokuwa imesimama imara usiku huamka asubuhi imekuwa maji.

Pai hii hutoa vipande 8, na kwa kuwa ina mayai na maziwa haifai kukaa nje katika joto letu zaidi ya saa 2 baada ya kupoa. Itakayobaki ifunikwe na kuwekwa jokofuni, ambamo hudumu siku 2, ijapokuwa ganda hulainika siku ya pili. Na asiye na jokofu aalike watu wa kutosha kuimaliza siku ileile.